Noeli ya Mikono Yetu



Kila mwaka, mwezi wa 11 ukiingia, mvua ikianza kunyesha na maembe yakianza kuiva, kuna swali moja lenye kuingia katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kipushi na Kambove: "Noeli ya mwaka huu tutafanya nini?" Mama anahesabu feza bila kusema neno. Baba anajibu, "Tutaona." Watoto wanaongea kati yao juu ya sapato, juu ya nguo, juu ya motokari za plastiki zenye waliona katika magazini. Mara nyingine swali hilo linazaa ugomvi nyumbani mbele ya sikukuu kufika.

Mimi ni mama wa watoto wanne, na kila siku ya Yenga ninafundisha watoto katika kanisa letu. Ninapenda kuongea nanyi juu ya vitu vidogo: minyororo ya karatasi, sanamu za udongo, mikate ya kukaranga, karanga za sukari, munkoyo. Mtu atasema, "Hayo ni mambo ya watoto." Ndiyo, ni mambo ya watoto, na ndiyo sababu ni makubwa. Sikukuu yenye kutengenezwa nyumbani si sikukuu ya watu wenye kukosa. Ni sikukuu ambayo kila mtoto ana kazi yake ndani. Na mtoto mwenye kazi ndani ya sikukuu hatakwenda kuitafuta mbali. Kwetu huku, katika inchi ya shaba na kobalti, kuitafuta mbali kunaweza kumwua.

NOELI YA KUPEWA NA NOELI YA KUTENGENEZA

Nilizaliwa Likasi, katika nyumba ya mfanyakazi. Wazee wanakumbuka ginsi maisha yalivyokuwa. Kampuni ilitoa nyumba, masomo, hospitali na chakula. Mpaka leo watu wa Katanga wanaita siku ya sita "siku ya posho", juu ndiyo siku wafanyakazi walipokea posho lao. Na mwezi wa 12 ukifika, sisi watoto tulipangwa mstari, kila mmoja akapokea zawadi yake: huyu mpira, huyu mtoto wa kuchezea, huyu paketi ya biskuti. Hatukujua kama Noeli inatengenezwa. Tulijua tu kama Noeli inapewa.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Mwezi wa 9 mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Inchi yetu, yenye ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50.000 katika mwaka wa 1993. Namba hizo ni za vitabu, lakini sisi tulizisoma katika sahani. Bukari ikawa mara moja kwa siku. Zawadi zikaisha.

Mwaka ule wa 1993 nilikuwa na miaka 11. Siku moja ya posho, mama alitia kiti kidogo katikati ya lupango, akatuita sisi wote sita. Akasema: "Batoto, mwaka hii hakuna mutu atatuletea Noeli. Tutaitengeneza siye benyewe. Kila mutu atakuwa na kazi yake."

Kaka mkubwa alipewa kazi ya kumenya karanga. Mimi nilipewa makasi na makaye ya zamani, nikate vipande. Wadogo walikoroga kole ya unga. Dada yetu mwenye sauti nzuri aliambiwa atufundishe nyimbo. Na baba, mwenye alikuwa mufundi wa mashini na mikono yake ilikuwa imekaa miezi bila kazi, alichukua matete, kopo la sardini na kisu, akaanza kuunganisha motokari kwa ajili ya kitinda mimba. Jioni motokari ile ilitembea. Baba akaitazama, akasema: "Kumbe mikono bado inajua." Tulimwona akicheka, jambo lenye hatukuliona tangu siku nyingi.

Leo tukikutana sisi ndugu sita, zawadi za miaka ya kampuni tunazichanganya. Hatujui tena mpira ulikuja mwaka gani, biskuti zilikuja mwaka gani. Lakini Noeli ya 1993 kila mmoja anaweza kuielezea yote, juu kila mmoja aliishika kwa mikono.

KIJANA NA SHIMO

Niseme sasa juu ya jambo lenye linanisukuma kuandika.

Miaka michache iliyopita, mtoto wa mdogo wangu, kijana wa miaka 13, alifika kwangu mwanzo wa likizo ya Noeli. Alikuwa amefunga nguo zake katika sashe. Akaniambia: "Mama mukubwa, minaenda ku mashimo na barafiki. Siku tatu tu, mpaka nipate feza ya sapato ya Noeli."

Hakuwa mtoto mbaya. Hakuwa mwivi. Alitaka kuingia kanisani na sapato, kama wenzake. Ni wangapi katika mitaa yetu wenye kufanya hesabu hiyo kila mwezi wa 12? Wanabeba mifuko, wanaosha mawe katika maji, wanachagua, na wangine wanaingia chini. Na mwezi wa 12 ni mwezi wa mvua. Udongo unakunywa maji, unakuwa muzito, ukuta wa shimo unaanguka bila kutoa alama.

Sheria ya inchi iko wazi. Kodi ya migodi inapatia kadi ya mchimbaji wa mikono mtu mzima tu, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 2009 inakataza kazi zenye kuharibu mwili na maisha ya mtoto. Lakini kijana wa miaka 13 hasimamishwi na karatasi. Anasimamishwa na mtu mwenye kumwonyesha njia ingine.

Sikumpigia makelele. Nilimwambia, "Keti. Wewe unajua kufanya motokari za matete?" Akasema anajua. Nikamwambia: "Basi fanya kumi. Mimi nitakusaidia kuuza." Alikaa wiki nzima kwangu, yeye na watoto wangu, chini ya mwembe. Kumi na mbili zikatoka. Majirani wakanunua tisa kwa watoto wao, tatu akazitoa bure kwa watoto wa mjane wa nyuma yetu. Feza haikutosha kununua sapato mpya, tusidanganyane. Mama yake akaongeza kidogo, tukapata sapato zenye kuvaliwa mbele lakini nzuri, tukazipaka mafuta. Alikwenda kanisani akitembea kwa kiburi kidogo, na wadogo wa mtaa wakimfuata nyuma wakiita: "Mufundi! Mufundi!"

Sisemi kama motokari ya matete inaweza kumaliza matata ya Katanga. Ninasema tu kama wiki ile kijana yule hakuwa shimoni.

MBELE YA KUANZA: VITU VYA KUACHA

Mtu mwenye kutengeneza sikukuu kwa mikono anatafuta vitu pale karibu. Lakini sisi watu wa migodi tunapashwa kuwa na akili, juu si kila kitu cha karibu ni kizuri kwa mtoto.

Mwaka wa 2009 watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mikojo ya watu wenye kukaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti nyingi sana, na kwa watoto ilizidi. Mwaka wa 2018 matokeo mengine yalitoka, ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, pale watu walichimba mpaka ndani ya lupango zao. Watoto wa mtaa ule walikuwa na kobalti nyingi kuliko watoto wa mtaa wa jirani. Njia moja kubwa ni vumbi. Mtoto anacheza chini, anatia kidole kinywani, anakula bila kunawa.

Kwa hiyo, katika kazi yetu ya Noeli:

Msisage jiwe la rangi ya majani kibichi ili kufanya rangi. Ni zuri kwa macho, lakini ni shaba. Na lile jiwe jeusi lenye kuchafua mikono, mara nyingi ndani yake kuna kobalti. Mawe hayo si ya kuchezea na si ya kupamba meza ya chakula.

Msichome kamba za umeme ili kutoa waya. Moshi wa plastiki ile ni sumu, na waya wenye kukatwa mahali pa umeme umekwisha kuua watu. Matete na miti midogo inatosha.

Msitumikishe mfuko wenye ulibeba mawe kwa kutia karanga wala kwa kufunika unga. Msitie munkoyo katika bidoni yenye ilikuwa na asidi au dawa ya kiwanda, hata mkiiosha mara kumi. Tumikisheni bidoni yenye ilikuwa na mafuta ya kula.

Na maji na sabuni viwe karibu. Mtoto anawe mikono mbele ya kushika chakula, na kila mara akitoka kucheza.

KAZI ZA MIKONO

Mnyororo wa karatasi. Chukua makaye ya mwaka wenye kupita. Kata vipande vyenye upana wa vidole viwili na urefu wa mkono kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole. Kole tunaifanya hivi: kijiko kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo katika kilauri kimoja cha maji ya baridi. Koroga mpaka mabonge yaishe, tia juu ya moto mdogo, endelea kukoroga mpaka iwe nzito na kung'aa. Ikipoa, iko tayari. Kunja kipande cha kwanza kiwe pete, kibandike. Pitisha cha pili ndani ya cha kwanza, kibandike, na hivi hivi. Watoto wa miaka mine wanaweza kazi hiyo. Kole hiyo haina sumu, lakini inaoza siku ya tatu, basi fanyeni kidogo kidogo.

Rangi. Maua mekundu ya ngai-ngai, yale yenye tunafanyia maji ya kunywa, yakichemka na maji kidogo yanatoa rangi nyekundu. Maganda ya vitunguu yakichemka nusu saa yanatoa rangi ya kahawia yenye kuelekea dhahabu. Majani mabichi ya muhogo yakitwangwa na kukamuliwa yanatoa rangi ya majani. Makala yenye kusagwa pamoja na kole kidogo ni rangi nyeusi. Paka vipande, anika mpaka vikauke, kisha unganisha.

Sanamu za zizi la Betelehemu. Katika Katanga Mungu alitupatia vichuguu vikubwa, na udongo wake ndio watu wanautumikisha kufanya matofali. Udongo ule ule ni mzuri kwa sanamu. Uchukueni mahali pa mbali na migodi, viwanda na barabara ya malori. Uponde, toa mawe na mizizi, tia maji kidogo kidogo, ukande kama unga wa mikate mpaka usishike tena kwenye mikono. Fanyeni Mariamu, Yosefu, Mtoto, ng'ombe, kondoo, wachungaji. Urefu wa kidole kirefu unatosha. Sanamu kubwa inapasuka. Zikaushe siku nne au tano ndani ya nyumba au kivulini, si karibu na mbabula, juu joto la haraka linazipasua. Kiguu kikivunjika, chukua udongo mwepesi wenye maji mengi, bandika tena.

Kijana mmoja wa kundi letu alifanya mchungaji mwenye kofia ya mchimbaji na taa kwenye paji la uso. Wangine wakacheka. Lakini mzee mmoja wa kanisa alimwangalia mchungaji yule muda mrefu, akasema: "Muache pale. Na yeye alikuwa anatumika usiku." Tukamwacha, na kila mwaka anarudi katika zizi.

Motokari ya matete. Kata matete makavu manne yenye urefu moja, yafunge kwa kamba ya mgomba au ya mfuko wa zamani, iwe pande nne. Juu yake funga kopo la sardini, lakini mbele ya yote mtu mkubwa apige ukingo wake na nyundo mpaka usikate tena. Magurudumu ni kambambili za zamani: chora duara na kifuniko cha chupa, kata, toboa katikati, pitisha kijiti. Ongeza tete refu la kuongozea. Mtoto anasukuma akiwa amesimama, hachoki mgongo.

Mti wa Noeli. Hakuna lazima ya kukata mti mzima. Tawi moja la mwembe au la mpera, katika ndoo yenye mawe na maji, linakaa na majani yake siku kadhaa. Pambeni na karatasi. Msitie mishumaa juu ya tawi wala karibu na karatasi. Nyumba zetu hazina feza ya kujengwa mara mbili.

VYAKULA VYA FURAHA

Mikate ya kukaranga. Kilo 1 ya unga wa ngano, kilauri 1 cha sukari, vijiko vidogo 2 vya levire kavu, chumvi kidogo, na vilauri karibu 3 na nusu vya maji ya uvuguvugu. Changanya vitu vikavu, tia maji, piga kwa mkono dakika kumi mpaka unga uvutike. Funika na kitambaa safi, uache saa moja mpaka mbili, upande mpaka uwe mara mbili. Pasha litre 1 ya mafuta. Jaribu na tone la unga: likipanda juu upesi na kutoa povu, mafuta iko tayari. Chota na vidole vilivyolowa maji, tupia ndani, geuza mpaka pande zote ziwe za kahawia. Utapata mikate hamsini na kitu. Kama ndizi zimeiva sana na hakuna mtu wa kuzila, ponda tatu au nne ndani ya unga na upunguze maji na sukari. Watoto wakae mbali na mafuta ya moto. Kazi yao ni kuhesabu na kupanga kwenye sahani.

Karanga za sukari. Vilauri 2 vya karanga zisizokarangwa, kilauri 1 cha sukari, nusu kilauri ya maji. Tia vyote katika sufuria juu ya mbabula na koroga na mti. Kwanza maji yatachemka. Kisha sukari itakauka na kuwa kama mchanga mweupe. Wengi wanafikiri imeharibika, wanatoa. Hapana! Endelea kukoroga juu ya moto mdogo. Sukari itayeyuka tena na kushika karanga, itakuwa ya kahawia. Mwaga kwenye sahani pana, tenganisha na kijiko mbele ya kupoa. Kunja karatasi safi iwe kama pembe, tia ndani, na zawadi iko tayari. Msitumikishe gazeti, juu wino wake unashika chakula.

Gato ya mbabula. Vilauri 3 vya unga wa ngano, 1 cha sukari, 1 cha maziwa, nusu cha mafuta, mayai 3, vijiko vidogo 3 vya levire ya gato. Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe, tia mafuta na maziwa, mwisho unga na levire. Paka kopo au sufuria ndogo mafuta, mimina. Sasa chukua sufuria kubwa, tia ndani makopo matatu ya sardini matupu yenye kupinduliwa, weka sufuria ndogo juu yake, funika. Tia makala machache chini na makala mengi kidogo juu ya kifuniko. Wangine wanatumikisha mchanga pahali pa makopo. Ikiwa mnafanya hivyo, mchanga usitoke katika mto wenye watu wanaosha mawe. Nyuma ya dakika 40, choma na kijiti: kikitoka kikavu, gato imeiva. Kazi hiyo ifanyike nje ya nyumba, juu moshi wa makala katika chumba kilichofungwa unaua watu katika usingizi.

Munkoyo. Hakuna sikukuu ya Katanga bila munkoyo. Mizizi nunueni kwa mama mwenye mnajua kazi yake. Msitume watoto kuichimba porini, juu mizizi inafanana na mingine ina sumu. Pika uji wa litre 5 za maji na vilauri 4 vya unga wa mahindi, uchemke vizuri saa nzima. Uache upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia. Ponda mizizi yenye kuoshwa, kiasi cha konzi moja, tia ndani na koroga. Hapa watoto waitwe waone: uji muzito unageuka majimaji mbele ya macho yao, na unaanza kuwa mtamu. Si uchawi. Ndani ya mizizi kuna nguvu yenye kukata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Funika usiku mzima, asubuhi uchuje na kitambaa safi. Mnywe siku ile ile. Mukiuacha siku mbili au tatu unachachuka na kuanza kulevya, na hiyo si ya watoto.

KUPANGA KAZI

Kidole kimoja hakiue chawa, na mama mmoja hawezi kutengeneza sikukuu peke yake usiku wa tarehe 24. Anzeni siku ya kwanza ya Majilio, juu kuna majuma karibu mane mpaka Noeli. Juma la kwanza, sanamu za udongo, juu zinaomba wakati wa kukauka wakati wa mvua. Juma la pili, karatasi na rangi. Juma la tatu, motokari na zawadi za wadogo. Na kila mara baba akienda sokoni, alete kitu kimoja: leo meka ya karanga, kesho sukari, kesho kutwa unga. Juma la ine, tarehe 23 karanga za sukari, tarehe 24 uji wa munkoyo, gato na mikate.

Gawanyeni kazi kwa majina. Kila mtoto ajue kitu kimoja chenye ni chake, na mbele ya wageni mama aseme wazi: "Karanga hizi ni kazi ya fulani." Neno hilo halina bei. Na msisahau wazee. Bibi mwenye haoni vizuri anaweza kumenya karanga na kueleza ginsi walivyofanya Noeli wakati wake.

Na mkihesabu mikate, wekeni sahani moja kando kwa ajili ya mtu mwenye hana mtu wa kumkarangia. Mpeni mtoto aipeleke yeye mwenyewe. Watoto wengi wa Katanga wanajua kupita nyumba kwa nyumba wakiita "Bonane!" ili wapewe. Ni vizuri, ni furaha ya mwaka mpya. Lakini mtoto mwenye kubisha mlango wa jirani na sahani ya kutoa anajifunza jambo lingine.

Vijana, nimalizie kwenu. Ninajua feza ya mashimo inaonekana haraka, na motokari ya matete inaonekana kama mchezo. Wengi wenu munabeba mzigo wenye si wa miaka yenu, na sitawalaumu. Ninawaomba kitu kimoja tu. Mwezi wa 12 huu, mbele ya kufunga nguo katika sashe, semeni kwa mtu mkubwa mmoja kile chenye munatafuta. Kama ni sapato, sema sapato. Na ninyi wakubwa, mtoto akisema, msijibu "Tutaona". Ketini naye chini, mfunue mikono, muangalie pamoja kile chenye mikono ile inaweza kufanya. Makasi iko, unga uko, udongo uko.

Noeli njema kwenu wote, na Bonane.